Ndama Aliyebaki Kwenye Jalada

Jumatatu ile nilikwenda ofisi ya kijiji nikiwa na furaha, na ninaitaja mapema furaha hiyo kwa sababu haikudumu hata nusu saa.

Timu ya upimaji ardhi ilikuwa imetoka wilayani kuja kutupimia mashamba ili tupate hati za kimila. Walikuwa wamekaa kwetu wiki mbili, na Ijumaa saa kumi jioni walikuwa wanafunga kazi na kuhamia kijiji kingine. Shamba langu lilishapimwa. Ekari tatu na robo za alizeti, na nyumba ya bati yenye vyumba vitatu, vyote nimevipata mimi, Martina Yeremia Mghenyi, kwa mikono hii, tangu nilipoachika mwaka elfu mbili na nane. Kilichobaki kilikuwa kujaza fomu.

Aliyejaza fomu alikuwa kijana wa timu hiyo, anaitwa Frank. Mpole, ana adabu, ana mwandiko mzuri. Aliniamkia, akajaza jina, akajaza umri, akafika mahali palipoandikwa hali ya ndoa.

"Mtalaka," nikasema.

"Una karatasi ya talaka, mama?"

"Karatasi ya nini? Kijiji kizima kinajua."

Frank akavuta daftari la wakazi, akanionyesha kwa kidole. Mtendaji fulani aliyehama zamani alikuwa ameniandika humo: Martina, mke wa Amosi Ntandu. Hakuandika chochote kingine. Sijui hata nina miaka mingapi kwa mujibu wa daftari hilo, lakini nina mume.

"Mama, mimi nafuata maandishi," Frank akasema. "Bila nakala kutoka mahakamani, fomu inanitaka nimwandike mume kuwa mmiliki mwenza. Ukiniletea kabla ya Ijumaa saa kumi, simwandiki."

Mmiliki mwenza! Amosi! Amosi alikwenda machimboni akiniacha na mtoto mchanga, akarudi baada ya mwaka na nusu akiwa na mke mwingine, akaniambia nihamie jikoni. Sikuhamia jikoni, nilihamia kwa baba yangu. Tangu siku hiyo hajawahi kumnunulia Magreth hata daftari, na mtoto sasa yuko Dodoma, mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mashamba mawili aliyopewa na baba yake ameshayauza, na fedha yake hakuna anayejua ilikokwenda. Mtu wa namna hiyo akisikia jina lake limeandikwa kwenye hati, atafika kabla wino haujakauka. Atauza shamba langu nikiwa nimesimama ndani yake.

Basi Jumanne asubuhi nikapanda bodaboda kwenda mahakama ya mwanzo. Jina la mahakama hiyo silitaji, kwa sababu huenda nikawa na shida nayo tena.

Karani alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, anaitwa Febronia. Alikuwa na kucha zilizopakwa rangi vizuri na mafaili mpaka kwenye dirisha. Nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza bila kunikatiza, na kwa hilo nampa heshima yake, halafu akasema:

"Andika barua ya maombi, mama. Taja majina ya wadaawa na namba ya shauri."

"Namba ya shauri siijui."

"Bila namba siwezi kutafuta jalada."

"Sasa namba nitaipata wapi?"

"Ipo kwenye nakala ya hukumu."

"Dada, nakala ya hukumu ndiyo niliyoijia."

"Ndiyo, mama," akasema, kana kwamba sasa tumeelewana.

Nikatoka nje kutafuta mtu wa kuniandikia barua. Steshenari iko ng'ambo ya barabara. Kijana wa pale akachapa nusu ya barua, umeme ukakatika. Tukangoja. Umeme ukarudi, ile nusu ikawa imepotea, akaanza upya. Nilipovuka barabara na barua yangu, Febronia alikuwa amekwenda kula. Alipotoka kula akaingia mahakamani kuandika mwenendo wa kesi ya mbuzi. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiisikiliza kesi hiyo kupitia dirishani mpaka nikaijua kuliko wahusika wenyewe. Aliyeshtakiwa alikuwa mwongo, ukiniuliza mimi.

Saa tisa ndipo akanichukulia rejesta ya mashauri ya ndoa. Akapitisha kidole mwaka elfu mbili na nane, mstari kwa mstari. Hamna. Akarudi elfu mbili na saba. Hamna. Akaenda elfu mbili na tisa, akafungua hata elfu mbili na kumi kwa huruma. Hamna.

"Mama, labda hukuachikia hapa."

"Niliachikia hapa. Hakimu alikaa hapo alipokaa huyu wa leo. Mimi nilisimama pale, karibu na ule mlango."

"Labda hukuachika."

Alisema bila ubaya wowote. Lakini jamani! Nimelala peke yangu miaka kumi na saba, nimelima peke yangu, nimemzika baba yangu nikiwa nimekaa upande wa mabinti waliorudi nyumbani, halafu mtu mwenye rejesta aniambie labda sikuachika. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Akayavumilia, akafunga rejesta, akasema, "Njoo kesho, mama, nitakuwa nimefikiria."

Nikaenda nyumbani nikapika ugali nikashindwa kuula.

Jumatano nilifika kabla ya mlinzi. Febronia alipokuja akanikuta mlangoni, akacheka kidogo, akanipa kiti cha ndani. Kumbe kweli alikuwa amefikiria.

"Niambie, mama. Siku ile, nani alifungua kesi? Ni wewe?"

"Si mimi. Ni baba mkwe wangu, mzee Naftali."

"Alimshtaki nani?"

"Alimshtaki baba yangu. Alikuwa anadai ng'ombe."

Febronia akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mama, kwa nini hukusema tangu jana?"

Kwa nini sikusema? Kwa sababu hakuniuliza, na kwa sababu mimi nilidhani nimekuja kutafuta talaka, si ng'ombe. Lakini ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Sisi Wanyaturu wa huku, mke akirudi kwao, ng'ombe wa mahari nao wanarudi walikotoka, na wanapunguzwa kwa ajili ya watoto aliozaa. Wazee wakishapatana juu ya ng'ombe, watu wanahesabu ndoa imekwisha. Safari ile hawakupatana, baba akabisha hesabu, mzee Naftali akaja mahakamani. Mimi niliitwa kama shahidi.

Febronia akavuta rejesta nyingine, ya madai, ile ya watu wanaodaiana baiskeli na mahindi. Hakuchukua hata dakika tano. Shauri la Madai namba thelathini na moja la mwaka elfu mbili na nane, Naftali Ntandu dhidi ya Yeremia Mghenyi. Jina langu halimo. Kama ningetafuta talaka yangu kwa jina langu mwenyewe, ningetafuta mpaka nikafa.

Jalada lenyewe lilikuwa stoo. Tuliingia wote wawili, maana alisema hawezi kubeba maboksi peke yake. Nilibeba maboksi ya mahakama saa moja nzima, nikapiga chafya mpaka machozi, nikamshusha mjusi begani. Tulilikuta chini ya taipureta mbovu, limefungwa kwa kamba ya katani, pembe moja imeliwa na mchwa.

Tulisoma pale pale tukiwa tumesimama. Kurasa tisa za mkono. Ng'ombe walikuwa wanane na kila mmoja ameelezwa kama mtu anayeomba hati ya kusafiria. Jike jeusi lenye baka jeupe tumboni, pembe ya kushoto imevunjika. Dume la kijivu. Jike la madoadoa, mpole, anakamuliwa. Mimi nimetajwa mara mbili, na mara zote mbili ni "mke huyo". Haisemwi nililia wala haisemwi nilipigwa na nani. Pembe ya kushoto iliyovunjika ya yule jike imeandikwa mara tatu.

"Endelea mwisho," nikamwambia Febronia. "Mwisho kuna nini?"

Akasoma mwisho. Mahakama imepunguza mmoja kwa ajili ya mtoto. Sita wamekwisha kukabidhiwa. Amebaki ndama jike mwekundu, ambaye bado ananyonya, akabidhiwe baada ya miezi mitatu. Halafu mstari wenyewe: ndoa ya mtoto wa mdai na mke huyo itahesabika imevunjwa siku ndama huyo atakapokabidhiwa kwa mdai mbele ya karani, na mdai akaweka sahihi hapa chini.

Hapa chini palikuwa na vitone. Vitone vitupu, safi, kutoka upande huu wa karatasi mpaka upande ule.

Sikupiga kelele. Nilikaa juu ya boksi. Nilikuwa najua habari zote za ndama huyo, najua kuliko hakimu. Miezi mitatu ilipotimia baba yangu alimswaga kwa miguu mpaka kwa mzee Naftali, mbele ya kijiji cha Ihanja. Jioni nikamwona baba anarudi, na ndama anarudi naye. Mzee Naftali alikuwa amemkataa. Alisema mjukuu wake Magreth ana miaka miwili na hana maziwa, ndama huyo akue amkamulie. Baba akashukuru, tukashukuru sote, mama akapiga vigelegele. Hakuna aliyekumbuka karani. Tukanywa maziwa ya ndama huyo miaka sita, na kila tulipokunywa tulimwombea mzee Naftali. Kumbe tulikuwa tunakunywa talaka yangu.

Febronia akalipeleka jalada kwa hakimu wa sasa. Akakaa huko muda mrefu, akatoka na majibu mawili. La kwanza, nifungue shauri jipya la talaka: nianzie baraza la usuluhishi la kata, Amosi atafutwe popote alipo, apelekewe wito, asipokuja apelekewe mwingine.

"Ijumaa hii itawezekana?"

"Ijumaa ya mwakani labda."

La pili, mdai mwenyewe aje, akabidhiwe ndama mbele ya karani, asaini kwenye vitone. Hakimu atagonga muhuri, na nakala nitapewa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Jumatano yote iliyobaki tukahangaikia namba ya malipo ya nakala, mtandao upo, mtandao haupo, mpaka simu yangu ikaniletea ujumbe saa kumi na moja kwamba malipo yamepokelewa. Huo ulikuwa ndio ushindi wangu pekee wa wiki.

Usiku nilijipangia. Ndama wa miaka kumi na saba iliyopita hayupo, alishakufa. Lakini mzee Naftali yupo, ana akili zake zote, na ananipenda. Atasaini tu kwamba alimpokea. Nani ataumia? Alhamisi nikapita steshenari, kijana akanichapia mistari minne: Mimi Naftali Ntandu nakiri kupokea ndama jike mwekundu. Nikapanda bodaboda.

Nilimkuta amekaa barazani anachagua mbegu, amevaa lile koti lake la kanisani ambalo analivaa hata shambani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Magreth. Karibu. Mtoto alinipigia juzi, anasema wameanza mazoezi hospitali."

Huyo ndiye mzee Naftali. Mwanawe hajui Magreth anasoma wapi, yeye anajua mpaka wodi aliyopangiwa. Nikakaa, nikamweleza yote tangu fomu ya Frank mpaka vitone. Aliposikia pembe iliyovunjika alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikampa karatasi. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akaisoma tena.

"Lakini sikumpokea."

"Najua, baba."

"Nilimrudisha. Mzee Yeremia alisimama hapo ulipokaa wewe, nikamwambia arudi naye."

"Najua, baba. Ni karatasi tu."

"Mama Magreth, mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa thelathini na moja huu. Sijaweka sahihi yangu kwenye jambo ambalo halikutokea. Amosi alikuja hapa nimsainie kwamba shamba la mama yake ni lake, apate mkopo. Mwanangu wa kumzaa. Nikakataa. Leo nikisaini hii, yeye nimwambie nini?"

Hapo nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kumpandishia hata Amosi. Siku tatu nimezungushwa na watu nisiowajua, sasa huyu! Nikasimama.

"Wema wako ndio umenifunga, baba!" nikamwambia, na sauti ilitoka mpaka kwa jirani. "Ungempokea ndama wako siku ile, leo ningekuwa mtu huru. Ulituonea huruma, na huruma yako imeniacha mke wa Amosi miaka kumi na saba! Kesho ataandikwa kwenye shamba langu. Atakuja aliuze, na wewe utakuwa umekaa hapa na usafi wako!"

Mzee mkwe hafokewi. Nililelewa hivyo, na nilijua hivyo wakati mdomo unaendelea. Mke wake mdogo alitokeza kichwa mlangoni akakirudisha. Mzee Naftali aliendelea kuchagua mbegu, nzima huku, mbovu kule, mpaka nikaona haya nikakaa.

"Una ng'ombe?" akaniuliza mwisho.

"Ninaye mtamba mmoja. Ni mjukuu wa ndama yule yule. Ana mimba ya miezi mitano."

"Mlete kesho mahakamani. Nitampokea kwa haki, nitasaini kwa haki."

Mtamba huyo ndiye niliyekuwa nimemwekea matumaini ya masika.

"Lakini sikiliza," akasema. "Nikishampokea, sina ruhusa ya kukurudishia. Nikikurudishia tu, tumerudi pale pale."

"Najua, baba."

"Hata ndama atakayezaliwa."

"Najua."

Ijumaa nilimfungua mtamba saa kumi na moja alfajiri. Kutoka kwetu mpaka mahakamani ni mwendo wa saa tatu kwa mtu anayetembea peke yake. Na ng'ombe ambaye hajawahi kuona lori ni saa tano. Kila basi la Dodoma lilipopita aliruka mtaroni nami nikiwa mwisho wa kamba. Watu waliniuliza kama naenda mnadani. Niliwaambia naenda kuachika. Baada ya wa tatu kucheka nikaacha kujibu.

Getini mlinzi akanyoosha mkono. "Mama, ng'ombe haruhusiwi."

"Ameitwa na mahakama."

"Ng'ombe?"

"Muulize karani. Ana jalada."

Mzee Naftali alikuwa ameshafika kwa bodaboda, amekaa kwenye lile benchi langu la kesi ya mbuzi, koti limefungwa vifungo vyote. Tulingoja hakimu amalize kesi ya asubuhi, ndipo Febronia akatoka na jalada, kalamu na kibao cha wino. Hakimu akasimama dirishani kutazama, na nyuma yake vichwa vya watu wa kesi nyingine. Mtamba akaanza kula maua ya ua la mahakama na hakuna aliyemzuia.

Febronia akasoma kwa sauti kama inavyotakiwa. Ndama jike mwekundu. Akainua macho akamtazama mtamba. Akatazama jalada. Akamtazama tena.

"Mama," akasema taratibu, "huyu ni mweusi."

Nilikuwa nimetembea saa tano. Nilikuwa na tope mpaka magotini. "Huyo mwekundu amekufa!" nikapiga kelele. "Alikufa Magreth akiwa darasa la tano! Huyu ni mjukuu wake! Mlitaka nimfufue nimlete?"

"Sikatai, mama. Lakini hakimu anagongea kilichoandikwa. Mtu akija kukata rufaa, akasema aliyetolewa siye aliyetajwa..."

"Nani atakata rufaa? Ng'ombe?"

Watu wa dirishani wakacheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa saa sita na nusu, na nikaona kabisa jinsi itakavyokuwa: barua nyingine ya kubadili rangi, namba nyingine ya malipo, njoo Jumatatu. Nikaona jina la Amosi kwa mwandiko mzuri wa Frank.

Mzee Naftali akanyanyuka kwenye benchi. Akaja kwa hatua zake fupi, akamzunguka mtamba mzima mzima, akamshika shavu, akamtazama meno kama mtu anayekabidhiwa mali. Kisha akamgeukia Febronia.

"Ni mwekundu," akasema.

"Mzee, samahani. Huyu..."

"Mimi ndiye mdai?"

"Ndiyo, mzee."

"Ndama wangu namjua mimi au unamjua wewe?"

"Unamjua wewe, mzee."

"Ni mwekundu. Ndiye huyo huyo aliyeandikwa. Leta kalamu."

Yule mtamba alikuwa mweusi kama sufuria ya kuni, anang'aa juani mbele ya hakimu, karani, mlinzi na watu wasiopungua kumi. Febronia akampa kalamu. Mzee Naftali akaweka jalada juu ya goti, akaandika jina lake lote kwenye vitone, herufi moja moja, na alipomaliza hakumtazama mtu yeyote machoni.

Muhuri ukagongwa. Nakala ikatolewa kwenye mashine, ikagongwa na yenyewe. Nikaipokea ikiwa bado ina moto.

"Asante, baba," nikasema. Nilitaka kusema mengine mengi, ya jana na ya miaka yote, lakini hilo ndilo lililotoka.

"Usiniite baba hapa," akanijibu kwa sauti ya chini, akitazama upande wa dirisha. "Wasije wakasikia wakasema bado haijavunjika."

Alikuwa anampeleka mtamba kwa dada yake, nyuma ya mnada, si mbali. Akashika kamba, akavuta. Mtamba akagoma. Akageuza shingo akanitazama mimi, akakaza miguu. Mzee akavuta tena, hana nguvu hizo. Nikaweka nakala yangu ndani ya blauzi, nikaenda nyuma ya mnyama wangu, nikamsukuma kwa mikono yangu miwili mpaka akakubali kwenda.

Nilifika ofisi ya kijiji saa tisa na nusu. Walikuwa wanafungasha mafaili kwenye gari. Frank alifurahi kweli kuniona, akafungua tena boksi akatoa fomu yangu. Akasoma nakala mwanzo hadi mwisho, akakunja uso kwenye zile rangi za ng'ombe, akafika kwenye sahihi.

"Mama, hapa inabidi nijiridhishe. Huyu Naftali Ntandu aliyesaini ni nani kwako? Ni ndugu?"

Alikuwa anafanya kazi yake. Wiki nzima nilikuwa nimewafokea watu kwa maswali madogo kuliko hilo. Sikumfokea.

"Si ndugu," nikasema. "Si mtu wangu."

Frank akaweka alama kwenye mtalaka, na mahali pa mmiliki mwenza akapiga mstari mrefu. Nikalia pale pale mezani mbele ya watu wote, na yeye akadhani ni furaha ya shamba.